Shibiri Moja ya Ziada

Mama yangu hajawahi kukaa katika nyumba isiyo na maji ya ziada. Hata maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora na bomba letu likaanza kutoa maji kiangazi na masika, mapipa yake yalibaki palepale uani, yamefunikwa kwa mbao, na juu ya mbao mawe. Nilimwambia yanazaa mbu. Akanijibu kwamba mbu wana chandarua. Nikamwambia bomba lipo hatua chache tu kutoka alipokaa. Akageuka akaendelea kupepeta mchele, na kwa mama mazungumzo huishia pale anapoacha kukutazama.

Nilikuwa nimerudi kuishi kwake baada ya ndoa yangu kuisha. Nina duka dogo la vifaa vya ofisi karibu na soko, natoa nakala, nauza kalamu na bahasha. Jioni nilirudi kwenye nyumba iliyokuwa tayari kwa jambo ambalo halikuja. Stoo ilikuwa na magunia ya michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vibichi na vilivyochemshwa. Kila msimu wa viazi alinunua vipya, akatukalisha uani kumenya na kukata, akavianika juu ya mikeka hadi vikawa vigumu kama vigae. Kisha akaviweka nyuma ya vile vya mwaka uliopita, na tukaanza kula vya mwaka uliopita ili visiharibike. Matokeo yake ni kwamba tangu nizaliwe sikumbuki kula kitu kipya nyumbani kwetu. Tulikula akiba ya jana ili kuilinda akiba ya leo. Nililalamika sana juu ya hilo, nikiwa mtoto na nikiwa mtu mzima, na sikusikilizwa wakati wowote.

Mlangoni palining'inia mfuko wa turubai. Yeyote aliyesafiri, hata kama ni Nzega tu kwenda na kurudi, aliubeba. Ndani mlikuwa na chumvi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, glukosi, vidonge vya homa, bandeji, na bila shaka matobolwa. Mdogo wangu wa kiume alimwita mama Waziri wa Maafa. Akitoka safari alisimama mlangoni akampigia saluti, akasema, "Mheshimiwa, hakuna maafa yaliyoripotiwa," kisha akaurudisha mfuko kwenye msumari wake. Mama alimwambia aache upuuzi, lakini aliufungua mfuko papo hapo kuona nini kimetumika. Hakuna kilichokuwa kimetumika.

Alikuwa mrefu huyo mdogo wangu. Alirithi urefu wa upande wa baba, akazidisha. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali mabichi, milango yake ilijengwa kwa watu wengine, na yeye aliinama kila alipoingia chumba chochote. Alikuwa fundi magari. Hakuwa ameoa, na sababu zake alikuwa akizibadilisha kila mara shangazi zetu walipomuuliza.

Uani, nyuma ya choo, palikuwa na rundo la kuni ngumu za porini, zimepangwa vizuri na kufunikwa bati. Kuni hizo hazikuguswa. Gesi ikiisha tulinunua mkaa, mkaa ukikosekana tuliomba kwa jirani, na kuni zipo. Zilikuwa kuni za msiba wake. Mama alikuwa amekwenda kwenye misiba mingi ambako wafiwa walikimbizana kutafuta kuni na masufuria huku maiti ikisubiri, na hilo aliliona kama kutembea uchi sokoni. Alisema siku yake ikifika watu watakaa, watapikiwa, wataondoka, na hakuna mtoto wake atakayekwenda kugonga mlango wa mtu. Mdogo wangu alimwambia kwa rundo lile msiba wake utapika pilau la wilaya nzima, na kwamba ni hasara asiwepo kulionja.

Chini ya kitanda chake ndiko lilikokaa sanduku la bati, na ndani ya sanduku sanda yake.

Alitufungulia kutuonyesha, kama wengine wanavyoonyesha nguo za harusi. Bafta nyeupe, safi, imekunjwa pamoja na kafuri, pamba na kichupa cha marashi. Jirani yetu aliyekwenda Hija aliichukua akaichovya katika maji ya Zamzam, akairudisha. Watu wengi hununua kitambaa tu wakakiweka kizima, kikatwe siku yenyewe. Mama hakuweza. Aliikata yake kabisa, kwa hesabu ya mwanamke: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili kubwa za kufungia. Aliishona kanzu kwa mkono wake, mishono mirefu kama inavyotakiwa.

Mimi ndiye niliyempima. Alisimama amebana visigino ukutani, akanipa uzi wa katani, nikaushika utosini kwake nikaushusha hadi sakafuni. Nilipotaka kukata akanizuia. Alisema niongeze shibiri moja. Nilimuuliza ya nini, kwa kuwa mtu hakui akishakufa. Nilikuwa nimechoka, na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Ya miguu," alisema.

Ndipo nikaisikia habari ya Tura kwa ukamilifu. Vipande vyake nilikuwa navijua. Mama alikulia Tura, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa sababu baba yake alikuwa katika genge la kutengeneza njia. Msimu mmoja wa masika, yeye akiwa binti mdogo, mvua ilibeba tuta mbele ya stesheni na treni ikasimama. Abiria walishuka. Mwanzoni walinunua chakula kwa watu wa pale, halafu wakaomba, halafu wakawa wanakaa tu barazani wakitazama jiko la bibi yangu. Mama aliwaona watu wa suti na saa mkononi wakinywa maji ya dimbwi. Alisema kilichomshangaza si kwamba walikuwa na shida. Kilichomshangaza ni kwamba wamepanda treni ya safari ndefu wakati wa masika, mtu na mkewe na watoto, na hawana hata chumvi. Babu zetu, alisema, walipita njia hiyohiyo kwa miguu hadi pwani, na kila mtu alikuwa amebeba kilichomtosha.

Mmoja wa abiria wale, mzee aliyekuwa akisafiri peke yake, akafa. Homa, labda. Hakuna aliyemjua. Hapakuwa na duka lililo wazi lenye kitambaa, na waliokuwa na shuka walikuwa wamewafunika watoto wao. Bibi akashusha pazia la dirisha lake. Lilikuwa jeupe, angalau. Walipomfunga yule mzee kuanzia kichwani, pazia likafika kwenye ugoko. Miguu ikabaki nje. Wakasema funikeni kwa majani, dini inaruhusu, na mama ndiye aliyepewa mundu akatumwa kukata majani kando ya reli.

Hakusema alijisikiaje. Alisema majani yalikuwa na maji, na kwamba yule mzee alikuwa na ufa kwenye kisigino kama wa baba yake. Nikaongeza shibiri moja, nikakata uzi.

Mdogo wangu alianguka kazini, asubuhi, akisubiri chai. Wenzake gereji walisema alikuwa anacheka na mama ntilie kuhusu chapati zake, kisha akakaa chini kwenye tairi, kisha akalala ubavu. Walimpakia kwenye gari la mteja, wakampeleka hospitali. Nilipopigiwa simu nilifunga duka, nikafika, na daktari akanipeleka pembeni ya korido. Alisema moyo. Alieleza vizuri na kwa upole, nami nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichonunua. Nilikuwa nauangalia ukuta, rangi ya kijani chini na krimu juu. Nikashukuru. Nikauliza nifuate utaratibu gani.

Nilirudi nyumbani kwa bajaji. Mfuko wa turubai ulikuwa mlangoni, kwenye msumari wake. Gereji ni mwendo mfupi kutoka kwetu, na hata mama hakumdai mtu kubeba mfuko kwa kwenda gereji. Na hata angekuwa nao, nilikwishakumbuka vyote vilivyomo, kimoja baada ya kingine, na hakukuwa na kitu cha moyo.

Mama alikuwa uani anamwaga maji ya pipa moja ili aweke mapya. Nilimwamkia kwanza, sijui kwa nini, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuamkiana asubuhi. "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akanitazama, akaiweka ndoo chini. Nikamwambia. Alisema inna lillahi mpaka mwisho, kwa sauti yake ya kawaida. Akauliza yuko wapi sasa na ataletwa saa ngapi. Akaosha mikono.

Halafu akaanza kazi, na sijawahi kuona kazi ikifanywa vizuri namna ile. Alilivua bati la kuni mwenyewe. Akatoa masufuria makubwa, mchele, maharage, chumvi, mikeka. Majirani walipofika, kila aliyeuliza afanye nini alipewa jambo la kufanya na kifaa cha kulifanyia. Turubai likapanda. Moto ukawaka kabla gari halijafika na maiti. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajawahi kuona msiba uliopangika hivi. Alisema kwa sifa. Niliona aibu, aibu ya kweli, kwa jinsi kila kitu kilivyokuwa tayari, kana kwamba tulikuwa tumekaa tukimngojea afe.

Sikulia. Nilikuwa na ganzi, kuanzia usoni kwenda chini, ile ya mtu aliyekalia mguu, ila mwili mzima. Nilijua kwamba mdogo wangu amekufa kama ninavyojua kwamba mji wetu una stesheni.

Mama alilivuta sanduku la bati, akatoa sanda yake, akaifungasha upya. Kanzu na mtandio akaviweka kando, kwa kuwa mwanamume hufungwa shuka tatu tu. Zile mbili kubwa na ile ya kiunoni akazibeba mikononi hadi mlango wa chumba walimokuwa waosha, akampa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yetu. Alimwambia ni ya Zamzam. Alimwambia kila kitu kipo humo, hata pamba, wasimtume mtu popote. Kisha akarudi akakaa kwenye mkeka katikati yetu wanawake, mikono juu ya magoti. Kwa mara ya kwanza tangu nimpe habari alionekana ametulia. Nadhani alikuwa anajiambia kwamba mwanawe hataazimwa nguo na mtu. Lilikuwa limebaki jambo hilo moja la kumfanyia, na alikuwa nalo sandukuni.

Baba mdogo alirudi mlangoni mapema mno. Hakuingia. Alisimama nusu nje nusu ndani, shuka zikiwa mikononi mwake, na akaongea na mama huku akiitazama mikeka.

"Shemeji, haimtoshi. Miguu inabaki nje."

Baba mdogo akaeleza kwamba waosha wamejaribu kuigeuza, wamejaribu kuivuta, na kwamba shuka ya tatu ndiyo fupi zaidi. Akasema wamekwisha kumtuma mtu dukani, alasiri iko mbali bado, asiwe na wasiwasi. Mama aliendelea kumtazama. Alikuwa amejipima mwenyewe. Alikuwa amehesabu maji, viazi, kuni, chumvi, na kitambaa amekihesabu kwa mwili wake, kwa sababu katika hesabu zake zote alikuwa yeye wa kwanza kuondoka.

Akainuka. Wanawake wakadhani anakwenda msalani, wakampisha. Baada ya muda shangazi akaniambia nikamtazame.

Nilimkuta nyuma ya choo, pale rundo la kuni lilipokuwa limepungua, karibu na ua wa michongoma. Ilikuwa masika na majani yalikuwa yamesimama hadi magotini. Alikuwa ameshika mundu. Alikuwa ameinama anakata majani, polepole, kwa mpangilio, akiyalaza upande mmoja vichwa pamoja. Kanga yake ya msiba ilikuwa imelowa pindoni.

Nilisimama nikamtazama. Nilijua anafanya nini na sikujua nimwambie nini. Mtu mwingine angemkumbatia. Sisi si watu wa namna hiyo, na hata kama tungekuwa, mikono yangu siku ile haikuwa yangu. Nikangoja hadi nikasikia sauti za wanaume sebuleni, kisha baba mdogo akaniita kwa dirisha.

Lilikuwa jora la bafta. Familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa mtaa wa pili, ambao mama alinunua kwao maisha yake yote kwa kugombania kila senti, walikuwa wamesikia. Hawakusubiri yule aliyetumwa afike. Mama wa nyumba ile alikuja mwenyewe na mtumishi wake, jora likiwa zima, akasema wakate wanavyotaka.

Nikarudi uani. "Mama, kitambaa kimepatikana," nilisema. "Kinamtosha."

Akanyooka, kwa shida, mkono kiunoni. Akauliza kimetoka kwa nani, nikamwambia. Aliutazama mundu, akayatazama majani. Alikuwa amekwisha kukata tita zima.

"Kinamfika miguuni?"

"Kinamfika na kinabaki."

Akauweka mundu juu ya kuni. Akaingia ndani, akamkuta yule mama wa dukani amekaa mkekani na wengine, akampa mikono yote miwili, akamshukuru. Hakuna aliyejua ni kiasi gani ile asante ilimgharimu, isipokuwa mimi, na mimi sikuwa na hali ya kuhisi chochote kuhusu hilo. Wanaume wakamchukua mdogo wangu kwenda msikitini na kisha makaburini. Jeneza lilipotoka mlangoni waliobeba wakaliinamisha, kama yeye alivyokuwa akiinama. Majani yaliliwa na mbuzi wa jirani.

Baba mdogo alirudisha shuka za mama zikiwa zimekunjwa. Mama akazikunjua, akazikunja upya kwa mikunjo yake, akazirudisha sandukuni juu ya kanzu na mtandio.

Baada ya hapo aliacha. Sikugundua mara moja, maana kuacha hakuonekani haraka. Kuni zilizokwisha hakuziongeza, na lile bati likabaki limeegemea ukuta. Mapipa yakakaa na maji yaleyale mpaka yakawa na ute, na mimi, niliyekuwa nikilalamikia mbu, ndiye niliyeyamwaga na kuyajaza. Niliyajaza bila kufikiri, nikitoka dukani, bado nimevaa viatu vya kazini. Nilisafiri kwenda Igunga kununua bidhaa na mama hakuniambia nibebe mfuko. Niliubeba. Nilikula matobolwa stendi, magumu, ya mwaka uliopita, na nikaona kwamba yananishibisha. Hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kusema nililihisi kwa miezi ile.

Msimu wa viazi ukafika. Wachuuzi walipita na baiskeli zao wakipiga kelele mlangoni, na mama alikuwa amekaa barazani asiwaite. Nilinunua gunia moja. Nilikaa uani peke yangu nikimenya, vibaya, vipande vinene na vyembamba, na yeye akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanikosoa. Akainuka akaenda mjini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Jumapili moja mchana aliniita chumbani kwake. Kitanda kilikuwa kimesogezwa kutoka ukutani. Juu yake palikuwa na jora la bafta, halijakatwa, na mkasi pembeni. Kwenye kidole alikuwa amezungusha uzi wa katani.

"Vua viatu," alisema. "Simama hapa."

Nilielewa. Nina umri wa kutosha kugoma, na nina ulimi wa kugomea, kila mtu wa ukoo wetu atakuambia. Nilivua viatu. Nikabana visigino ukutani, pale alipokuwa amesimama yeye.

Hakunifikia utosini, ikabidi avute kigoda, akapanda akiwa ameshika bega langu. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu. Hakuwa amenigusa tangu tulipozika. Kiganja kilikaa pale kuliko kipimo kilivyohitaji, kizito, cha moto, na chini yake, mahali pale palipo na upana wa mkono wake tu, ganzi ikaachia. Machozi yakanitoka. Sikuyafuta, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisimame wima.

Akashuka. Akapiga magoti kwa kushikilia kitanda, akaushusha uzi mpaka kisiginoni kwangu, akaushika pale kwa kidole gumba.

"Sikujua kwamba wewe ni mrefu hivi," alisema.

Akaulaza uzi sakafuni, akatanua vidole vyake juu yake, akaongeza shibiri moja. Akasita. Akaongeza ya pili, ndipo akafunga fundo.